Sauti za Somo Kwenye Akaunti ya Madam

Tuelewane mapema, vijana wangu, asije mtu akasema nimemdanganya: darasa langu la mwisho ni la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Kiingereza changu ni cha kuokota. Kiarabu changu ni cha sokoni. Lakini pale Balad, mji wa kale wa Jeddah, watu walikuwa wakiniletea kompyuta zao wamezishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, na nilizipokea, nikazifungua, zikapona. Sisemi hivi kujisifu. Ah, najisifu. Mzee asipojisifu mwenyewe atasubiri nani?

Mengi nimeyafanya na mengi nimeyasahau. Ninayotaka kuwaeleza leo ni kazi moja niliyoifanya bila kuiona wala kuisikia, na ndiyo kazi bora kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Ila siwezi kuanzia hapo, hamtanielewa. Niacheni nizunguke kidogo.

Nilifika Balad kama hamali. Mgongo ndio uliokuwa cheti changu. Nilishusha makasha kwenye malori nikayapandisha ngazi za zile nyumba za mawe ya matumbawe, zenye madirisha ya mbao yaliyochongwa mpaka yakafanana na ushanga. Mtu aliyezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akitembea Balad huchanganyikiwa. Harufu ni ile ile ya chokaa na bizari. Vichochoro ni vile vile, vinakupeleka usikokwenda. Hata sasa nimerudi kwetu, kuna alfajiri huamka nikasikia adhana na nisijue ni ya upande gani wa maji. Huwa sikimbilii kujua. Hulala hivyo hivyo, mwili hapa, roho kule, na ni raha ambayo siwezi kuwaeleza.

Chini ya ngazi za nyumba moja alikuwapo Msudani, Ammi Idris, mrefu kama mlingoti, na duka lake lilikuwa fupi, kwa hiyo maisha yake aliyapitisha ameinama. Alifufua kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi. Siku moja nilimpelekea kasha nikamkuta mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, hakuna picha, hakuna rangi, anaandika neno na mashine inamjibu.

"Ammi, unaongea na nani?"

"Na mwenye nyumba," akasema. "Wengine wote huongea na bawabu."

Siku hiyo sikurudi kwenye makasha mpaka kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini viza, alipokuja kunitafuta, na alinikuta nimechutama chini ya ngazi kama paka.

Ammi Idris alinifundisha kwa njia niliyoijua tayari. Hakunieleza maana. Alinikalisha kama chuoni kwa mwalimu, nikakariri amri moja moja, herufi kwa herufi, kama tulivyokariri juzuu ya mwisho tukiwa bado na meno ya maziwa. Nikikosea herufi alinigonga kidole kwa penseli. Maana ilikuja baadaye, pole pole, na mara nyingi ilinijia mahali pa ajabu: ninaoga, au nimesimama kwenye foleni ya mkate, ghafla nikaelewa nilichokuwa nikikisema mwaka mzima. Wasomi hucheka njia hii. Wacheke. Mimi mpaka leo naandika amri nimefumba macho.

Nilimwuliza programu zile ni za nani, maana sikuona muhuri wa kampuni yoyote.

"Ni wakfu," akasema. "Mtu alichimba kisima akaenda zake. Wewe unakunywa. Ukikuta kamba imekatika unaifunga, na anayekuja nyuma yako anakuta kamba nzima. Hakuna anayekuuliza jina lako."

Nyinyi mnaziita programu huria, na mna mikutano yake na fulana zake. Vizuri. Mimi naziita za wakfu.

Mteja wa kwanza niliyeachiwa peke yangu alikuwa Myemeni, muuza asali. Nikamwekea mfumo mpya. Ilipofika mahali pa kuchagua lugha nikachagua kwa kukisia, maana orodha ilikuwa ndefu. Mashine ikawaka kwa maandishi ambayo si Kiarabu wala si Kiingereza. Nikatafuta njia ya kurudi, nikazidi kupotea. Nikiwa natokwa jasho, akapita Mbangladeshi wa duka la vitambaa, akasimama nyuma yangu, akaanza kusoma kwa sauti. Nikageuka nikaona macho yamemlowa. Alikuwa hajawahi kuona kompyuta ikisema maneno ya kwao. Hakuondoka mpaka tukampa ile ile, na muuza asali akapewa nyingine.

"Umekosea vizuri," Ammi Idris akaniambia. Sikupata sifa kubwa kuliko hiyo kwake.

Kuna jambo moja lakini ambalo yeye hakunifundisha, nililijua tangu kwetu. Pwani mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Unaweza kupanda, ukamwagilia, ukaangua miaka, na siku mwenye ardhi akiuza kiwanja unabaki umeshika dafu mkononi, hujui ulipeleke wapi. Haya makampuni makubwa ya mitandao ndiyo wenye ardhi wa siku hizi. Nyinyi mnapanda tu, mnapanda, hamuulizi.

Zamani sauti ilikuwa kitu. Mama yangu alinitumia barua ndani ya kanda, imefungwa kwenye kipande cha leso, ikaletwa na mahujaji. Niliiweka kwenye redio pale chumbani kwetu Balad, tukiwa wanaume wengi juu ya mikeka, na mama akazungumza, na nyuma yake jogoo wa jirani, na mtu anatwanga. Wenzangu ambao hata Kiswahili hawakijui walinyamaza wakamsikiliza. Mkanda ukivurugika unauzungusha kwa kalamu. Ulikuwa wangu. Hakuna mtu duniani angeamka asubuhi akaufuta bila kuingia chumbani kwangu.

Sasa ndiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Kuna kosa nimeliona kwa dada zetu wa kazi za nyumbani, na sijaliona kwa watu wengine. Dada anashuka Riyadh, hana simu, au anayo ya vibonyezo. Madam, kwa wema wake, anafungua kabati anampa simu yake ya zamani. Simu nzuri, haina hata mkwaruzo. Ndani yake akaunti ya madam bado imo. Dada haiondoi. Kwanza hajui kama imo, pili anaogopa akigusa ataharibu mali ya watu. Miaka inapita. Picha za wanawe, sauti za nyumbani, vyote vinapanda kimya kimya kwenye akaunti ya madam, huko wanakokuita kwenye wingu, vinakaa pamoja na picha za madam mwenyewe kama maji ya majirani wawili ndani ya tangi moja.

Riziki alikuwa mmoja wao. Mtoto wa Likoni, kwetu Mombasa, na nilimjua kwa sababu marehemu babake alikuwa rafiki yangu. Alifanya kazi Riyadh, mtaa wa Malaz, kwa bibi mmoja akiitwa Umm Turki. Na mamake Riziki, Bi Mwanaidi, alikuwa somo. Kwa asiyejua, somo ndiye mwanamke anayemfunda bi harusi. Humfunda kwa nyimbo, ndani, mlango umefungwa, na mwanamume hasikii hata mstari mmoja. Bi Mwanaidi alizipokea nyimbo zake kwa nyanyake, na alitaka kumwachia Riziki. Riziki yuko Uarabuni, basi mama akawa anamfunda kwa ujumbe wa sauti. Anaimba ubeti, anautuma. Riziki anapiga pasi Malaz, anausikiliza, anaurudia, anautuma. Mama anamkosoa, anautuma tena. Walikwenda hivyo miaka.

Kisha Bi Mwanaidi akafariki, na Riziki hakuwahi hata kumzika. Haukupita muda, ile simu ya zamani ikatumbukia kwenye ndoo ya kudekia na haikuwaka tena. Alinunua nyingine, yake mwenyewe, akaifungua: tupu.

Simu ya marehemu nayo ilikwisha kufutwa ikauzwa, basi nyimbo za somo zilibaki mahali pamoja tu, kwenye akaunti ya Umm Turki.

Alinipigia nikiwa dukani, pale chini ya ngazi Balad.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba. Sema haraka, nimeshika chuma cha moto, nalehemu."

"Madam atafuta vitu vyote vya ile simu. Akaunti imejaa. Anangoja mjukuu na simu yake inakataa picha mpya. Amesema ikifika Ijumaa, halas, anafuta."

"Mwambie akufungulie uvitoe."

"Amejaribu, hatukujua tushike wapi. Kuna vitu maelfu humo, Mzee, vimevurugika. Na mimi safari yangu ni wiki ijayo. Dada yangu anamwoza binti yake, ukoo mzima unaningoja mimi. Nitakwenda kumfunda nini?"

"Huzijui nyimbo?"

"Nyingine nazijua nusu. Kwenye nusu hakuna harusi."

"Basi apeleke akaunti dukani, hapo Riyadh mafundi tele."

"Picha zake zimo, hajajifunika. Nani atampa mwanamume wa dukani?"

"Nitakuja mimi."

"Wewe si mwanamume?"

Nikakipuliza kile chuma kikatoa moshi.

"Na nyimbo nazo, Mzee, hufai kuzisikia."

"Yaani unataka nitoe kitu nisichoruhusiwa kukisikia, mahali nisiporuhusiwa kutazama."

"Ndiyo."

Nikakiweka chini kile chuma. "Nakuja," nikamwambia.

Mngeniuliza kwa nini sikumwelekeza kwa simu. Umm Turki alikataa. Alisema kama kuna mtu atagusa mambo yake, hata kwa maneno, basi mumewe amwone uso wake kwanza. Sikuona ubaya. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Basi liliondoka Jeddah asubuhi. Likapanda milima, likateremka upande wa pili, kisha ikaja ile nchi ambayo haina kitu cha kushika jicho. Mchanga, na anga, na barabara. Ngamia wamesimama mbali sana, hawaendi, hawarudi. Baada ya muda unaona basi ndilo limesimama na nchi ndiyo inayopita. Nilikuwa nimeweka kompyuta mapajani, naandika ile programu yangu, mistari michache tu: iingie kwenye rundo, iangalie kila faili ni ya aina gani, ya sauti iitoe iiweke pembeni, ya picha iipite bila kuifungua, kama mtu mwenye adabu anayepita mbele ya mlango wa watu. Nikiandika mstari, nainua macho, mchanga. Naandika mwingine, mchanga. Nadhani nililala na vidole vikaendelea. Sijawahi kuandika kitu nimetulia vile.

Kesho yake mchana mumewe Umm Turki, Abu Turki, alinipokea kwenye sebule ya wanaume. Mtu mzima wa rika langu, mpole, viatu vyake vya ndani vya ngozi. Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende. Ukutani palikuwa na mlango unaoingia ndani kwa wanawake, na nyuma ya mlango huo Riziki, Umm Turki na kompyuta.

"Kwenu kuna mvua?" Abu Turki akaniuliza.

"Ipo."

"Nyingi?"

"Inanyesha mpaka inaudhi."

"Subhanallah," akasema, akafumba macho kama mtu anayeinusa.

Kisha sauti ya Umm Turki ikatoka nyuma ya mlango, pole lakini haina mchezo. "Ya ammi. Hiyo programu yako. Nitajuaje kwamba haitachukua picha zangu ikakupelekea Jeddah?"

Wateja wangu wote wa maisha yangu, na wengi wao walikuwa watu wa maofisi, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Usiniamini," nikamwambia. "Isome."

"Sijui kusoma mambo hayo."

"Kuna wa kwenu anayejua?"

Wakashauriana. Ghorofa ya juu aliishi Nura, binti wa dadake Umm Turki, anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Akaitwa. Riziki akafungua mlango nafasi ya mkono, nikampa flashi juu ya sinia ya tende, mlango ukafungwa. Tukakaa. Abu Turki akanimiminia tena. Nilikuwa nimestarehe kabisa, maana mistari ile niliijua kama jina langu.

"Ammi," ikasema sauti changa, "huu mstari wa tatu."

"Una nini?"

"Hauchukui sauti peke yake. Unachukua na video."

"Hapana."

"Ndiyo. Tazama kinyota chako umekiweka wapi."

Kinyota ni ile alama ambayo ukiiandika unaiambia mashine: chochote. Nikafungua nakala yangu, nikavaa miwani, nikatazama. Nilikuwa nimekiweka mahali kinapokaribisha kila mtu. Video za harusi za nyumba ile, wanawake na vichwa vyao wazi wakicheza, zingetoka zote zikaingia kwenye folda ya mzee wa Balad. Abu Turki alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Sahihisha," nikasema.

"Nimeshasahihisha."

"Inshallah umesahihisha vizuri."

"Ammi, nikusomee?"

"Nisomee."

Akanisomea. Ilikuwa sawa, na ilikuwa fupi kuliko yangu. Sikupenda. Nitawaambia ukweli, kahawa ile ilikuwa chungu. Lakini sikilizeni, maana hapa ndipo penye somo lenyewe la kazi yetu: Umm Turki aliniamini baada ya kosa langu kuonekana. Programu ya kampuni ingekosea hivyo hivyo, ndani ya sanduku lililofungwa, na hakuna Nura ambaye angeruhusiwa kulifungua. Yangu ilikuwa na kosa na mlango wazi. Akasema, "Yalla, anza."

Riziki ndiye aliyeketi kwenye kompyuta. Nikawa naongea na mlango.

"Andika nitakayokutajia. Herufi kwa herufi."

"Mzee, mimi nimefika kidato cha nne. Taja maneno."

"Basi andika maneno, msomi wetu."

Akaandika. Rundo lilikuwa kubwa, miaka na miaka ya nyumba nzima. Tukangoja. Adhana ya alasiri ikapita, mimi na Abu Turki tukasali pale pale kwenye zulia, tukarudi kukaa.

"Imemaliza," Riziki akasema.

"Fungua folda."

Nikasikia kitufe kikibonyezwa, kisha kikabonyezwa tena.

"Riziki."

"Hamna kitu, Mzee. Folda ni tupu."

Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ndogo, sauti ya mtu aliyepigiwa simu ya msiba akiwa amesimama jikoni kwa watu. Nikasikia Umm Turki anamwambia kitu polepole. Nikashusha miwani. Nilitamani sana kuufungua ule mlango nitazame mwenyewe. Jicho la fundi likinyimwa kazi huwasha.

Basi nikafumba macho, kama ninavyoandika. Nikasema: "Riziki. Mama alikuwa akirekodi kwanza kisha anatuma, au alikuwa anabonyeza na kuzungumza pale pale?"

"Anabonyeza pale pale. Kurekodi hakujui."

"Sema mapema, mtoto wee."

Ujumbe wa sauti huhifadhiwa kwa aina yake, una mkia wake katika jina la faili. Mimi nilikuwa nimeiambia programu itafute mikia ya nyimbo za kawaida, za redio na kanda. Nilikuwa nimemwazia somo kama mwimbaji wa santuri. Nikamtajia Riziki neno moja abadilishe, na Nura akasema, "Aa, kweli," na hiyo "kweli" ikanirudishia ladha ya kahawa.

Wakaendesha tena.

"Zinashuka," Riziki akasema. Halafu, "Mzee, zinashuka. Zinashuka kama mchele."

"Ziache zishuke. Usiguse kitu."

Zilipokwisha akataka kuhakikisha. "Nataka kufungua moja," akasema. "Mzee, itabidi utoke. Na Baba mwenye nyumba naye."

Nikamfasiria Abu Turki. Akanitazama. "Mfanyakazi wangu ananitoa kwenye nyumba yangu?"

"Ndivyo anavyosema."

Akafikiri, akachukua dalla, birika lake la kahawa, mimi nikachukua vikombe, tukatoka. Tulisimama nje ukutani, chini ya mashine za hewa baridi zinazodondosha maji, wazee wawili kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Jua lilikuwa limelegea, vumbi la Riyadh limegeuka rangi ya samli. Kutoka ndani hakukutoka kitu tulichoweza kukisikia, mashine zile zilivuma kila sauti ikapotea humo. Nilisimama nikawaza kwamba upande wa pili wa ukuta ule mwanamke aliyezikwa Likoni anaimba, na mimi niliyemleta ninasikia matone ya maji.

Tuliporudi, mlango ulikuwa bado umefungwa.

"Mzee," Riziki akasema.

"Naam."

"Yumo."

Nikaviweka vikombe chini. Baadaye kidogo Umm Turki akasema, bila kumwambia mtu maalumu, "Miaka yote hiyo akipiga pasi, nilidhani ni redio."

Ilibaki kujua zitakaa wapi. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, na nililitoa kwa fahari. Chumbani kwangu Balad nilikuwa na mashine ndogo, ya programu za wakfu tupu, ninawatunzia watu wa kwetu picha na barua zao. Hakuna kampuni, hakuna matangazo.

"Zitakaa kwangu," nikasema. "Hazitaguswa."

"Na funguo?"

"Ninazo mimi."

"Wewe peke yako?"

"Peke yangu. Hata kafili hajui."

"Na ukifa?"

"Astaghfirullah, mtoto gani wewe."

"Nauliza tu, Mzee. Maana naona nimetoka kwa madam nimeingia kwa Mzee Kombo. Tena wewe mwanamume."

Abu Turki akaniuliza amesema nini. "Anasema ahsante," nikamjibu.

Vijana, mimi nilikuwa nimewatukana wenye ardhi miaka mingi, na kumbe na mimi nilikuwa nimejikatia kiwanja changu. Kidogo, kizuri, na lango lake moja, na ufunguo wake mfukoni mwangu. Nilikaa pale nimekasirika kwa muda wa kikombe kizima. Kisha nikafungua mkoba nikatoa mashine ndogo niliyokuja nayo kwa ajili ya kujaribia, ndogo kama kisanduku cha halua, nikaisukuma mlangoni. Nikamwelekeza Riziki jinsi ya kuiwasha, jinsi ya kuingiza nyimbo, jinsi ya kutoa nakala. Ilipofika mahali pa nenosiri nikamwambia asilitaje.

"Hata kwako?"

"Hasa kwangu."

Nikasikia vidole vyake vikigonga, haraka, bila kusita.

Ijumaa Umm Turki akafuta vitu vya ile simu kama alivyosema, na Riziki ndiye aliyemsaidia kufuta. Wiki iliyofuata akapanda ndege, kisanduku kimefungwa kwenye nguo. Siku hizi nasikia ziko nakala katika nyumba kadhaa, Likoni na kwingineko, kila moja iko kwa somo na somo ndiye mwenye funguo. Programu ikikwama humwandikia Nura, kule Riyadh, naye huwarekebishia. Yeye mwanamke, anaruhusiwa. Mimi huwa sitajwi. Niliporudi Balad, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwaita wenye vitu kwenye mashine yangu, kila mmoja nikamkabidhi ufunguo wa chake. Wengine walikataa, wakasema wananiamini. Niliwalazimisha. Nyinyi mnaojenga leo mitandao yenu midogo mkidhani wema wenu unatosha, anzeni na kuulizana mtakufa lini.

Mwaka uliopita tuliozesha mjukuu wangu hapa Kisauni. Riziki alikuja kumfunda, amekuwa mtu mzima, amefunga leso mbili na anatembea kama mwenye mji. Alikuja na kompyuta na spika ndogo, wanawake wakampangia mikeka chumbani kwetu. Nikapita mlangoni nikaona waya wa spika umelegea. Nikaingia, nikainama.

"Kombo, toka," mke wangu akasema.

"Nakaza waya tu."

"Tutaukaza sisi."

"Utakatika katikati ya wimbo, mtaniita."

"Hatutakuita, Mzee," Riziki akasema, na tayari alikuwa ameshika bisibisi.

Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasikia komeo. Barazani wanaume wenzangu wakaniuliza humo ndani wanaimba nini. Nikawaambia sijui, nikawaambia wasogee, nikae.